Lumbesa inamwibia mkulima, na kuli pia

Kila msimu wa mavuno unapofika katika nyanda za Ufipa, habari zinazotawala kurasa hizi ni zilezile: bei ya mahindi, foleni kwenye vituo vya ununuzi vya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA), barabara za vijijini na lumbesa. Ni habari za haki, na tutaendelea kuziandika. Lakini katikati ya mkulima na mnunuzi yupo mtu wa tatu ambaye hatajwi, ingawa hakuna gunia linalotoka Laela, Mpui, Matai au Namanyere bila kupita begani kwake.

Huyo ni kuli. Wengine humwita mpagazi, wengine mbeba mizigo. Bandarini Dar es Salaam kazi ya kunyanyua mizigo ina waendesha winchi, mafundi wa minyororo na kamba za chuma, na wakaguzi wa kuangalia kama kamba hizo bado zinafaa. Huku kwetu winchi ni shingo ya kijana, na hakuna mkaguzi anayekuja kuitazama.

Tunalizungumzia suala hili katika ukurasa wa wakulima na wafanyabiashara kwa sababu ujira wa kupakia na kupakua ni sehemu ya gharama za mazao. Mnunuzi akipiga hesabu ya bei atakayompa mkulima, huanza na bei ya kule anakokwenda kuuza, kisha hutoa nauli ya lori, ushuru, magunia, kamba na makuli. Kinachobaki ndicho kinachomfikia mwenye shamba. Kwa hiyo mkulima wa Ufipa, ajue asijue, ni mmoja wa waajiri wa kuli.

Tuanze na uzito. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, pamoja na kanuni zake, inakataza kufungasha mazao kwa zaidi ya kilo 100. Hilo ndilo gunia halali. Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilipotoa Pendekezo lake Na. 128 mwaka 1967 lilitaja kilo 55 kuwa kikomo cha mzigo ambao mwanaume mzima anaweza kutakiwa kuubeba kwa mikono, na likataka wanawake na vijana wapewe mizigo iliyo pungufu sana ya hapo. Maana yake ni kwamba gunia letu halali, lile ambalo Wakala wa Vipimo akilipima atatikisa kichwa kwa kuridhika, tayari linakaribia kuwa mara mbili ya kiwango hicho. Hapo bado hatujafika kwenye lumbesa.

Wapagazi wa misafara ya karne ya 19, wale waliotembea kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika, kwa kawaida walibeba mzigo wa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na vyombo vyao juu yake. Ni kweli wao walikwenda miezi na kuli wa leo huenda hatua 20 kutoka mlango wa ghala hadi kwenye lori. Lakini hatua hizo 20 huzirudia kutwa nzima, na nyingine ni za kupanda ubao uliolazwa kwenye bodi ya gari, mara nyingi ubao uleule ulioloa umande wa asubuhi ya Juni. Anayeijua baridi ya Sumbawanga mwezi huo ataelewa.

Sasa twende kwenye hesabu. Chukua lori moja la tani 30. Kwa magunia ya kilo 100, lori hilo linabeba magunia 300. Likipakiwa na makuli sita, kila mmoja amenyanyua tani tano kabla turubai halijafungwa, na mahali litakaposhushwa wengine watainyanyua upya.

Mnunuzi wa lumbesa hafanyi hivyo. Badala ya debe sita anataka saba, gunia linashonewa kilemba, na mzigo unakuwa kilo 120 au zaidi. Lori lilelile la tani 30 sasa linabeba magunia 250. Mkulima amelipwa magunia 250 kwa bei ya gunia, lakini shehena iliyoondoka ni ya magunia 300 ya halali. Magunia 50 yamekwenda bure, na hilo wakulima wetu wanalijua kwa uchungu.

Kisichosemwa ni upande wa pili. Kuli hulipwa kwa gunia. Naye amenyanyua tani zilezile 30, lakini amelipwa magunia 250. Ujira wa magunia 50 umepotea, na mgongo umebeba kilo 20 za ziada kila safari. Tuseme ujira ni shilingi 500 kwa gunia: kundi hilo limepoteza shilingi 25,000 kwa lori moja. Ni wizi mmoja unaofanywa kwa watu wawili kwa wakati mmoja, na idadi ya magunia yaliyoibwa ni ileile.

Ajabu ni kwamba watu hawa wawili hawajawahi kukaa upande mmoja. Mkulima humwona kuli kama mshirika wa dalali, kwa kuwa ndiye anayesukuma punje kwa goti gunia lijae. Kuli naye humwona mkulima kama mtu wa kubishania shilingi 50. Kampeni za kupinga lumbesa zimekuwa zikiendeshwa kwa vizuizi barabarani na faini kwa wenye magari, na mara chache tumesikia kuli akiulizwa chochote. Kwa maoni yetu yeye ndiye shahidi wa kwanza. Hakuna mizani inayojua uzito wa gunia kuliko bega.

Ni akina nani hawa? Wengi ni vijana wa kiume, wengi wametoka vijijini, na kwa wengi hii ndiyo kazi ya kwanza ya kulipwa fedha taslimu. Wapo wenye mashamba yao wenyewe ambao huja mjini baada ya kuvuna kidogo walichonacho, kisha hurudi mvua zinapoanza. Si jambo geni Ufipa. Enzi za ukoloni babu zao walichukuliwa kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga, na wengine walikwenda machimbo ya dhahabu ya Lupa kule Chunya. Tofauti ni kwamba leo kazi imewafuata huku, hasa baada ya barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga kuwekwa lami katika mradi uliogharamiwa na Wamarekani kupitia mkataba wa MCC wa mwaka 2008. Malori makubwa yalipopata njia, mabega nayo yalipata kazi.

Nyuma ya sensa kuna hadithi hiyohiyo. Mwaka 2012 Mkoa wa Rukwa ulikuwa na watu 1,004,539. Mwaka 2022 walihesabiwa 1,540,519. Ni ongezeko la zaidi ya nusu kwa miaka 10, na ardhi haikuongezeka hata ekari moja. Kijana ambaye baba yake aligawiwa ekari 10 atagawiwa mbili au tatu, na kaka zake watano wanasubiri. Atafanya nini kuanzia Julai hadi Novemba? Atakwenda kwenye maghala. Wakiwa wengi kuliko malori, ujira hushuka, na asiyekubali gunia la kilo 120 yupo nyuma yake anayelikubali.

Wapo pia wanawake, ambao hata neno kuli haliwafikii. Wao hupepeta, huchambua mahindi mabovu, hushona midomo ya magunia na kufagia sakafu. Mahali pengine malipo yao ni punje zilizomwagika. Hakuna anayewaweka kwenye hesabu ya wafanyakazi, ingawa shehena isiyopepetwa na kuchambuliwa hukataliwa kituoni.

Na wapo watoto. Hili tuliseme bila kuzungukazunguka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na inakataza aliye chini ya miaka 18 kufanya kazi ya hatari, iwe katika sekta rasmi au isiyo rasmi. Kubeba kilo 100 ni hatari kwa mifupa ambayo bado inakua. Mwenye ghala anayemwacha mvulana wa miaka 15 ajipenyeze kwenye mstari kwa kuwa "amejileta mwenyewe" amevunja sheria.

Turudi kwenye fedha, maana hapo ndipo wengi hudanganyika. Kwa mfano wetu wa shilingi 500, kuli aliyepata sehemu yake ya magunia 50 ameondoka na shilingi 25,000. Amri ya Mishahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, iliweka kima cha chini cha shilingi 140,000 kwa mwezi katika kilimo, na Oktoba 2025 serikali ilitangaza viwango vya juu zaidi vya kuanzia Januari 2026. Siku sita za lori zingeifikia ile 140,000 na kuipita. Hii ndiyo hesabu inayomfanya kijana aone kwamba mwenye mshahara ni mjinga.

Lakini si kila siku kuna lori. Kuna siku ya kukaa kivulini tangu alfajiri hadi magharibi na kurudi nyumbani na shilingi 2,000. Kuna Januari hadi Aprili, ambapo mahindi yako shambani na kinachopita mjini ni mbolea na saruji. Kuna siku ya homa, na kuna siku ya kuteleza. Mwenye mshahara akiugua analipwa. Kuli akiugua, ujira unaishia pale alipolitua gunia. Na kazi yenyewe haimweki mtu muda mrefu. Makuli wa miaka 50 ni wachache kwa sababu ambayo kila mmoja anaijua: kiuno kimekwisha mapema.

Wafanyabiashara wengi wanaamini kuwa hawa ni vibarua tu na hivyo sheria haiwahusu. Tunawashauri waisome Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61. Inaeleza dalili ambazo moja tu ikiwepo, mtu anachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mojawapo ni kwamba amemfanyia kazi mtu huyo kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Nyingine ni kwamba anafanya kazi chini ya maelekezo yake. Nyingine ni kwamba anamtegemea kiuchumi. Mwenye stoo ambaye vijana walewale wanane wanampakulia kila siku kuanzia Julai hadi Oktoba ana waajiriwa, hata kama hajui majina yao ya ukoo.

Na akiwa na waajiriwa, kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kupokea michango mwaka 2015. Mchango wake hutolewa na mwajiri peke yake; mfanyakazi hakatwi. Gunia likimwangukia kijana asiyesajiliwa, anayemtibu ni mama yake kwa kuuza mbuzi, au ni tajiri mwenyewe kwa huruma yake. Huruma hiyo huisha haraka kuliko mfupa unavyounga.

Hatusemi mfanyabiashara mwenye stoo moja na lori la kukodi awe na ofisi ya mishahara. Hilo haliwezekani, na tukilidai tutakuwa tunaandika kwa ajili ya kujifurahisha. Linalowezekana ni makuli wenyewe kusajili ushirika chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, wakafanya mkataba na wenye maghala, na ushirika huo ukawa ndio mwajiri mbele ya sheria. Mfanyabiashara atalipa ankara moja kwa tani zilizopakiwa. Ushirika utapeleka mchango WCF na NSSF, utajua nani ana umri gani, na utamkatalia anayeleta lumbesa bila kijana mmoja mmoja kuogopa kunyimwa kazi kesho.

Zipo halmashauri zenye mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambapo nne ni za vijana, nne za wanawake na mbili za watu wenye ulemavu. Tumezoea kusikia mikopo hiyo ikienda kwenye bodaboda na ufugaji wa kuku. Kikundi cha makuli kinaweza kununua mizani iliyopigwa muhuri na Wakala wa Vipimo, matoroli mazuri na ngazi pana ya chuma badala ya ubao. Mizani hiyo itawalipa haraka kuliko pikipiki.

Makuli wa Dar es Salaam walipita njia hii zamani. Mwaka 1947 mgomo wao ulianzia bandarini na kusambaa kwenye reli hadi miji ya bara, na mwaka huohuo wakaunda chama chao. Kilivunjwa mwaka 1950 baada ya vurugu, lakini nyongeza ya malipo walikuwa wameipata. Mombasa, mgomo wa mwaka 1955 ndio uliompa Tom Mboya sifa ya kuwa mpatanishi. Kote huko hoja ilikuwa ileile, kibarua wa siku asiyejua kesho yake. Hatuombi mgomo Sumbawanga. Mahindi hayasubiri, na atakayeumia wa kwanza ni mkulima. Tunasema tu kwamba kazi hii ya kubeba ina historia ya kujipanga, na si kweli kwamba makuli ni watu wasiopangika.

Muda wa kujipanga nao si mrefu. Julai 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mjini Sumbawanga vihenge na maghala ya NFRA, sehemu ya mradi wa mkopo kutoka Poland wa kuongeza uwezo wa taifa wa kuhifadhi nafaka. Kihenge hakipangwi magunia. Nafaka humwagwa shimoni, mtambo huipandisha juu, na ikitakiwa kutoka hufunguliwa chini. Mwaka huohuo wa 2024 NFRA iliingia makubaliano ya kuiuzia Zambia tani 650,000 za mahindi baada ya ukame kuiangamiza mavuno yake. Nafaka kwa kiasi hicho ndiyo inayofanya mitambo ilipe kuliko mabega.

Hatuwezi kuipinga mitambo. Mwanaume kubeba kilo 100 si utamaduni wa kulindwa. Lakini kuna swali ambalo hatujasikia likijibiwa: nani ataiendesha? Foklifti, mikanda ya kupandishia nafaka, winchi za Kasanga zinazopakia saruji na mazao kwenda Kongo na Burundi, vyote vinahitaji watu waliofundishwa, na sheria ya usalama mahali pa kazi inataka vifaa vya kunyanyulia vikaguliwe na OSHA. VETA wapo mkoani Rukwa. Kijana aliyeshinda miaka mitano kwenye maghala anajua gunia linavyolala, shehena inavyoegemea na lori linavyopinduka. Kumfundisha huyo mtambo ni rahisi kuliko kumleta mgeni mwenye cheti ambaye hajawahi kuona mahindi yakihema joto ndani ya ghala.

Wakati hayo yakisubiriwa, jambo la gunia dogo haliwezi kusubiri. Mbolea inatujia kwa mifuko ya kilo 50. Saruji inatujia kwa kilo 50. Hakuna aliyewahi kulalamika kwamba mfuko wa saruji ni mdogo mno. Kwa nini basi mazao yetu yanayotoka lazima yawe ya kilo 100, wakati pembejeo zinazoingia ni nusu yake? Kenya ilitunga kanuni za viazi mwaka 2019 zikitaka kifungashio kisizidi kilo 50. Utekelezaji umesuasua, kwa kuwa madalali walikuwa na nguvu kuliko karatasi, lakini angalau kiwango kimeandikwa na mkulima ana pa kushika.

Wafanyabiashara watasema, na wana haki ya kusema, kwamba magunia ya kilo 50 yanahitaji magunia tupu mara mbili, na kushona mara mbili. Ni kweli, na gharama hiyo isirudishwe kwa mkulima kimyakimya. Lakini gunia la kilo 50 lina sifa moja ambayo gunia kubwa halina: halina nafasi ya kilemba. Ukiliongeza debe linajionyesha. Na mke wa mkulima anaweza kulisogeza mwenyewe stooni bila kumsubiri kuli.

NFRA hununua kwa kilo, kwenye mizani. Bei inayotangazwa redioni ni ya kilo. Mkulima amefundishwa kwa miaka sasa kukataa gunia na kudai kilo. Hatua inayofuata ni ujira wa kupakia na kupakua nao utajwe kwa tani, hata kwa wanunuzi binafsi. Siku kuli atakapolipwa kwa tani, hatakuwa na sababu ya kuvumilia lumbesa, kwa kuwa gunia kubwa litamchosha bila kumwongezea wala kumpunguzia senti. Atataka gunia dogo mwenyewe.

Kwa hiyo tunawaomba Wakala wa Vipimo na halmashauri za Rukwa waanze na jambo moja kabla ya malori ya kwanza ya msimu ujao kuwasili. Kwenye lango la kila ghala na kila soko la nafaka, kando ya bango la bei ya mahindi kwa kilo, kiwekwe kibao cha pili: ujira wa kupakia kwa tani, ujira wa kupakua kwa tani, na umri wa chini, miaka 18. Kiandikwe kwa herufi kubwa, kwa rangi isiyofutwa na mvua.